Karakana ya nyumbani Uyole, bajeti laki tisa: nianze na mashine ya kuchomelea au vifaa vya mkono?

Mama_Keria (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Nina bajaji mbili zinazopiga Uyole–Mwanjelwa na toroli la kukodisha pale sokoni. Haiishi wiki bila kitu kukatika: keria, kiti cha dereva, bampa, na safari hii chesisi ya toroli. Kwa fundi kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini bajaji inashinda pale mpaka jua linazama kwa sababu fundi ana mageti ya watu, na geti ndilo linalomlipa. Simlaumu. Ila bajaji ikilala kwa fundi, hesabu ya siku hailetwi, na dereva ananijia na uso wa msiba utadhani mimi ndiye niliyeikata.

Nyuma ya nyumba nina chumba tulichokuwa tunahifadhia mbegu za viazi. Mlango mpana, sakafu ya zege, dirisha moja. Umeme upo: taa moja na soketi moja, umevutwa kutoka nyumba kubwa kwa waya mwembamba uliopita juu ya paa. Mdogo wangu amemaliza kozi fupi ya kuchomelea VETA, rodi (kijiti cha kuchomelea) anaijua, na ananifundisha. Kabla hamjauliza: ndiyo, mimi ni mwanamke, na ndiyo, nitachomelea mwenyewe.

Bajeti ni laki tisa. Jana nimezunguka Mwanjelwa. Duka la kwanza kijana akanitolea kiboksi chekundu kimeandikwa 300A kwa herufi kubwa kuliko mashine yenyewe. Laki mbili na nusu. "Mama, hii inachomelea mpaka chesisi ya Fuso, na unachomeka tu soketi ya ukutani." Nikakinyanyua kwa mkono mmoja. Duka la pili mzee akacheka, akasema hivyo ni vya kuchezea watoto, niende kwa wanaosuka transfoma nikachukue chuma cha kweli. Nikaenda nikaiona hiyo transfoma; kuihamisha wanaitana wanaume wawili. Duka la tatu wana seti ya spana na bisibisi kwenye sanduku la plastiki, vipande mia na zaidi, bei ya kutupa.

Sasa nauliza. Inveta, yaani hicho kiboksi chepesi, au transfoma? Ile 300 ni ya kweli? Na kwenye vifaa vya mkono, vipi ni vya lazima na vipi ni mapambo? Natanguliza shukrani. Wale wa "njoo PM nikuuzie" msijisumbue.

Kinyonga_wa_Kabwe (Mbeya mjini)

Dada, transfoma ya kusuka, waya wa shaba. Wajukuu wataikuta. Inveta ikila vumbi msimu mmoja tu kwisha habari yake. Sina la kuongeza.

Fundi_Geti (Mwanjelwa)

Mama Keria, mimi ni mmoja wa hao wenye mageti, kwa hiyo hapa najikatia tawi nililokalia. Haidhuru.

Tuanze na ile 300. Hesabu yake ni ya darasa la saba. Mashine ya rodi ikitoa ampia 300, volti kwenye moto zinakuwa kama 32. Zidisha, unapata wati 9,600. Hizo ni zinazotoka. Zinazoingia lazima zizidi, maana mashine nayo ina chake inachokula. Gawa kwa volti 230 za TANESCO: zaidi ya ampia 40 zitoke ukutani. Soketi ya ukutani ni ya ampia 13. Kwa hiyo ama soketi inayeyuka siku ya kwanza, ama ile 300 ni rangi tu. Ni rangi.

Ukienda tena dukani igeuze mashine, tafuta kibati chenye kijedwali. Kuna asilimia pale, kwa kawaida 60 na 100, na chini ya kila asilimia kuna ampia. Asilimia 60 maana yake katika kila dakika 10 unachoma sita, unaiacha ipoe nne. Hiyo ndiyo namba ya kununulia. Mashine isiyo na kijedwali, ina namba moja kubwa kwenye rangi basi, mwachie kijana aendelee kuwanayo.

Na 300 ya nini? Keria ya bajaji ni bomba la geji 16, milimita 1.6 hivi, na siku hizi wengi wanakuuzia geji 18 ambayo ni milimita 1.2. Hapo rodi ya 2.5, ampia 60 mpaka 90, na kwenye geji 18 hata 60 ushike kwa adabu. Chesisi ya toroli ni pembe, kile chuma chenye umbo la L, ya milimita nne au tano: rodi ya 3.2, ampia 90 mpaka 130. Basi. Mashine inayotoa 140 za kweli kwa asilimia 60 itakufanyia kila ulichotaja na chenji inabaki.

Kuhusu ugomvi wa inveta na transfoma: Kinyonga hajakosea kuhusu vumbi, lakini kwa nyumba yako transfoma siyo. Mimi ninayo, naipenda, haijui vumbi wala manyunyu. Ila nina umeme wa njia tatu. Kwenye njia moja ya nyumbani, ukigusisha rodi taa za mtaa mzima zinainama, na jirani anakuja na maneno. Halafu hizo "shaba" siku hizi nyingi zimesukwa kwa aluminiamu iliyopakwa vanishi ya rangi ya shaba. Ukitaka kujua, chukua wembe, tafuta mkia wa waya pale unapofungwa kwenye bolti, kwaruza kidogo. Vanishi itatoka kama ganda la kitunguu, na chini yake utaona wekundu au utaona weupe. Weupe ni aluminiamu, iwe bei ya aluminiamu. Mwenye mashine akikataa usikwaruze, ameshakujibu.

Fanya hivyo hivyo kwenye nyaya za holda (inayoshika rodi) na ethi (inayobana chuma unachochomelea) zinazokuja na inveta. Nyingi ni aluminiamu iliyochovywa shaba, nyepesi mno mkononi, na baada ya rodi chache zinapata joto kama chapati. Nunua zako za shaba, milimita mraba 16, mita tatu tatu zinatosha chumba hicho.

Inveta inauawa na unga wa grenda. Feni yake inavuta hewa kutoka nyuma. Ukikata chuma karibu yake, ule unga unaingia ndani na kulala juu ya bodi. Kiangazi inavumilia. Mvua za Novemba zikianza na unyevu ukaingia, unasikia "paa". Kwa hiyo grenda iwe upande mmoja wa chumba, mashine upande mwingine, juu ya kiti au rafu, isikae sakafuni. Mara kwa mara chomoa kabisa, iache ikae, fungua kava, pulizia kwa ile pampu ya matairi ambayo najua unayo. Yangu ndogo ya kubebea site naitunza hivyo na inadunda.

Sasa vifaa vya mkono, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote juu. Nunua jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania kazi, kabla ya mashine. Mtu asiye na jiliwa anakata kwa goti, anapiga tupa kwa goti, anapinda flatibaa kwa kukanyaga, halafu anashangaa kwa nini keria imekaa upande. Chukua la inchi tano. Dukani nenda na kipande cha karatasi. Kibane kwenye ncha ya kushoto ya meno, vuta. Halafu ncha ya kulia, vuta. Karatasi ikishikwa upande mmoja na kuchomoka upande mwingine, meno hayakutani. Kisha lifungue nusu, shika taya linalotembea, litikise juu chini. Kucheza kidogo ni kawaida, likigonga kama mlango wa daladala liache. Na ulifunge kwa bolti kwenye meza nzito. Meza hiyo mtaitengeneza nyinyi wenyewe, ndiyo kazi yenu ya kwanza. Ikienda mrama hakuna mteja wa kulalamika.

Hakso: fremu isiyopinda ukikaza, na blade nzuri. Kwa bomba jembamba blade ya meno 32 kwa inchi, kwa pembe ya milimita nne au tano meno 24. Meno matatu yawe yanagusa chuma wakati wote. Yakigusa mawili yatang'oka. Na meno yaangalie mbele, nimewahi kuona fundi mwenye cheti ameyageuza. Tupa mbili, bapa na nusu duara, na zote ziwe na mpini. Zinauzwa uchi, mpini unanunua mwenyewe, na watu wanaona ni ubahili mzuri mpaka siku ile ncha inapozama kiganjani. Nyundo ya kilo moja, kinyundo cha kubandulia ganda, brashi ya waya, skwea, futi, chaki, sentapanchi. Klampu za mkono, anza na nne. Hazitatosha, hata zikiwa kumi hazitatosha, lakini anza na nne.

Lile sanduku la vipande mia ni kanyaboya. Spana yake inapanuka kwenye nati ya kwanza yenye kutu. Nenda kwenye mafungu ya mtumba, chagua moja moja: 8, 10, 12, 13, 14, 17, bajaji inataka hizo. Angalia mdomo haujatanuka na ringi haina ufa. Spana ya zamani ya Ulaya yenye mikwaruzo ni bora kuliko mpya inayong'aa.

Kijana_Iyunga (Mbeya)

Kwa fuawe, chuma cha kugongea, dada nina kipande cha reli, kama nusu mita, kizito hatari. Bei maelewano.

Fundi_Geti

Dogo, umemsikia alivyosema kuhusu PM, na wewe umekuja hadharani kabisa. Mama Keria, kipande cha reli usikiguse. Reli ya TAZARA ni mali ya nchi mbili, na ukikutwa nayo nyuma ya nyumba utaeleza nini? Nenda kwa wauza skrepa, tafuta flaiwili ya lori au kipande cha eksili, uombe risiti. Kwa kunyooshea bampa kinatosha sana.

Nguzo_Tukuyu (Rungwe)

Mimi ni fundi umeme. Fundi Geti kamaliza yote, ila waya kaupita mbiombio, na waya ndio utakaokuchomea nyumba.

Umesema waya mwembamba juu ya paa. Huo sahau, uache na taa yake. Vuta laini mpya kutoka kwenye bodi ya mita, ya peke yake, waya wa shaba wa milimita mraba 6, breka ya ampia 32, na upande wa karakana weka swichi ambayo mtu anaifikia bila kuruka chuma. Ethi iwe ya kweli: nondo ya shaba ardhini, ipimwe. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni. Nikiwa nimechoka napenda kusema hivi: kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua waya.

Kwa nini nasisitiza? Inveta ikichoma kwa ampia 120 inaweza kuvuta 20 na zaidi ukutani. Chukua eksitensheni ya waya wa 1.5, mita 30, pitisha ampia 20: unapoteza volti 14 hivi njiani tu. Wa 2.5 unapoteza 8 na kidogo. Sasa kama jioni mtaani kwenu umeme umeshashuka kwa sababu kila mtu anapika na mashine ya kusaga inanguruma, hizo 14 ndizo zinazofanya rodi igande, halafu unamlaumu mdogo wako kwamba hakusoma. Nunua multimita ya bei ndogo, pima soketini asubuhi, pima saa moja usiku. Na eksitensheni ikitumika ikunjuliwe yote. Ikiachwa imeviringwa inajipika.

LUKU usiiogope. Rodi moja ya 2.5 inaungua kama dakika moja, mashine ikivuta kilowati mbili na kitu. Kwa makadirio uniti moja inachoma rodi kama 25. Ila kama upo kwenye D1, ile ya mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, angalia grenda na mashine zisikuvushe bila wewe kujua.

Neno moja la watu wa mvua. Huku kwetu Tukuyu rodi zinalowa zikiwa kabatini, hazihitaji kunyeshewa. Utaona moto unatapika cheche, ncha inatoa kamvuke, ganda linapasuka ukiipinda. Pakiti ikifunguliwa weka kwenye sanduku la bati au friji mbovu lenye balbu ya kizamani inayowaka ndani, ile ya joto. Hii ni kwa rodi aina ya 6013, ambayo ndiyo utakayotumia. Akikushawishi mtu ununue 7018 kwa sababu "ndiyo ngumu", mwambie ile inataka oveni, siyo balbu, na keria haihitaji.

Mama_Keria

Ndaga fijo wakuu. Nimecheka pale pa mlango wa daladala, maana leo nimeenda na karatasi yangu na muuzaji akaniuliza kama nimekuja kuandika barua. Majiliwa mawili yamefeli mtihani wa kulia na kushoto, la tatu limepita, nimelichukua. Zito, limekuja kwa bajaji.

Fundi wa umeme anakuja Jumatatu. Waya wa juu ya paa alipouona kwenye picha alinyamaza kwanza.

Sasa nina jambo la macho. Mdogo wangu alienda kumsaidia rafiki yake juzi, akachomelea mchana kutwa na miwani ya jua. Usiku wa manane ananiamsha, macho yanachoma, anasema yamejaa mchanga. Mama mkwe wangu akakata viazi vipande akambandika. Viazi tunavyo gunia zima, siyo gharama, lakini je ni dawa? Na kofia ninunue ipi? Kuna ya kushika mkononi na kuna zile zinazojitia giza zenyewe.

Nesi_Ipogolo (Iringa)

Pole yake. Ule ni mwale wa weldingi umeunguza ngozi ya juu ya jicho, kama jua linavyobabua mgongo. Hauumi pale pale, maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, ndiyo maana watu hawaunganishi na kazi ya mchana. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja mbili akikaa gizani, akiweka kitambaa safi chenye maji baridi kwenye kope na kunywa panadoli. Kiazi hakina dawa yoyote, kinachomsaidia ni ubaridi tu, na kinaweza kuacha uchafu kwenye jicho lenye jeraha. Mwambie mama mkwe kwa heshima. Asitiwe matone ya ganzi ya kununua mtaani, hayo yanazuia jicho kupona. Ikipita siku bila nafuu, au kama jicho ni moja tu linalouma, au alikuwa akisaga chuma, aende hospitali. Huenda kuna kipande ndani.

Na kwa kuwa mtakuja nalo tu: maziwa pia. Ukichomelea bomba lenye zinki na kuvuta ule moshi mweupe, jioni unapata baridi na homa utadhani malaria. Watu wanakunywa maziwa kabla wakidhani ni kinga. Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda kwenye mapafu. Saga zinki yote itoke pale unapochomelea, fungua mlango na dirisha, kaa upande upepo unakotoka. Na ukipata hiyo homa usikimbilie dawa ya malaria kabla ya kupima.

Fundi_Geti

Nesi kasema. Kofia: chukua ya kuvaa, siyo ya mkononi, kwa sababu mkono wa pili unauhitaji. Kioo namba 10, au 11 ukiona bado inakuchoma. Za kujitia giza ni nzuri kwa mwanafunzi, anaona rodi ilipo kabla ya kugusisha. Dukani ishike mkononi, usiivae, ielekeze juani. Isipobadilika rangi papo hapo irudishe. Glavu za ngozi ndefu, shati la pamba la mikono mirefu. Nailoni hapana, cheche inaiyeyusha ikiwa juu yako. Miwani ya jua ya mdogo wako mpe dereva wa bajaji.

Dingidong_Mafinga (Mufindi)

Kamwene dada. Sisi huku tunachana mbao za paina na mashine za dingidong, na vyuma vyake vinakatika kila siku, kwa hiyo grenda nazifahamu.

Nunua ndogo, inchi nne na nusu. Kava lake lisitoke, lisitoke, lisitoke. Nalirudia kwa sababu kuna mchezo wa vijana: diski kubwa ya inchi tisa ikiisha kidogo wanaitia kwenye grenda ndogo baada ya kung'oa kava, "ili ikate haraka". Diski ya inchi tisa imetengenezwa kuzunguka mara 6,600 hivi kwa dakika. Grenda ndogo inazunguka 11,000. Siyo kukata haraka tena, ni bomu linalosubiri. Karakana moja hapa mjini ilipasuka hivyo. Nusu ya diski ilikuta ubao wa ukuta ikazama mpaka katikati, na bado ipo, mwenyewe hakuing'oa, anawaonyesha wanafunzi. Aliyekuwa ameishika alikuwa ameinama kuokota chaki.

Diski yenyewe, angalia ile pete ya chuma katikati. Zilizo nzuri zimegongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumia, kwa sababu gundi inayoshika mchanga wake huzeeka. Watu wanadhani ni namba ya kiwanda. Na ya kukatia, ile nyembamba ya milimita moja, usisagie kwa ubavu. Ya kusagia ni nene, milimita sita. Nunua zote mbili. Kubadilisha ni dakika moja, chomoa kwanza.

Kinyonga_wa_Kabwe

Sawa, nakubali kwa nyumbani inveta. Lakini gesi je? Ukiwa na mtungi wa kabaidi unapinda bomba, unachomelea bati jembamba, kila kitu.

Fundi_Geti

Kinyonga, nyuma ya nyumba yenye watoto? Mtungi wa kabaidi wa kienyeji usio na vali ya kuzuia moto kurudi nyuma? Bomba la keria anaweza kulipinda kwa kulijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote na kulivuta kwenye kipande cha rimu. Gesi siku akifungua biashara.

Mama_Keria

Taarifa kwa wote. Laini mpya imefungwa, soketini napata 221 asubuhi na 203 saa moja usiku mashine ya kusaga ya jirani ikiwa kazini, kwa hiyo usiku hatuchomelei. Inveta nimechukua iliyoandikwa 160 kwa asilimia 60, ina kijedwali, laki tatu na kidogo. Yule kijana wa kiboksi chekundu nilipomuuliza kibati kiko wapi akasema "mama, hiyo ni ya wataalamu". Hakso, tupa na mipini yake, klampu nne (Fundi Geti, tayari hazitoshi), kofia, grenda yenye kava. Bajeti imepita kwa elfu thelathini na tano, naweza kuishi nayo.

Meza imesimama. Mguu mmoja unacheza, nimeweka kipande cha bati.

Tatizo ni keria. Ile fremu ya chini ni pembe nene, juu yake tunaunga bomba la geji 18, na kila tukijaribu bomba linatoboka tundu la kupitisha kidole wakati upande wa pembe hata haujashika. Tumeshusha mpaka 55 na sasa rodi inaganda tu. Tufanyeje?

Fundi_Geti

Msishushe tena. Rudisha 65 au 70 na rodi ya 2.5, au tafuteni rodi za 2.0 ukizipata. Kosa liko kwenye mnakoelekeza moto. Washa moto kwenye pembe, siyo kwenye mwanya. Ukae kwenye chuma kinene kwa muda mpaka uone kidimbwi kinang'aa, kisha kipeleke kidimbwi kikaguse bomba na urudi upesi kwenye pembe. Bomba lilambwe tu, lisikaangwe. Usiburute mstari mrefu: piga nukta, inua, hesabu mbili mpaka wekundu ufifie, piga nyingine ikilalia nusu ya ile ya kwanza. Mwanya usiwepo kabisa, piga tupa bomba mpaka likae vizuri kwenye pembe na ulibane kwa klampu. Na kama inveta yako inakuruhusu kugeuza nyaya, weka holda kwenye hasi na ethi kwenye chanya, 6013 haina shida na hilo na joto halichimbi sana.

Lile tundu lililokwisha toboka, weka kipande cha shaba nyuma yake, bomba la maji la shaba lililopondwa linafaa, ujaze kutoka pembeni kuja katikati. Chuma hakishiki kwenye shaba. Mkimaliza mpige nyundo kiungo kwa nguvu kabla ya kupaka rangi, kikatike hapo mezani kuliko barabarani Mafiati na gunia la mtu juu.